Mashine Ilisema Ni Lesikar

Kila kukicha, Nalepo aliyapokea maziwa. Yalishushwa mjini kutoka Oldonyo Sambu, kwa mama yake, yakiwa kwenye madumu. Aliyaonja kwanza. Kama kuna mtu njiani ameyatia maji, ulimi wake ulimwambia. Kisha alijitwisha dumu na kupita nyumba kwa nyumba pale Moshono, akiwapimia wateja kwa kikombe cha bati.

Mume wake alikuwa ametangulia mbele ya haki. Nyumbani aliishi na watoto wake na mdogo wake wa kiume, Lesikar, aliyelala chumba cha uani. Lesikar alikuwa fundi wa katambuga, vile viatu vya matairi ya gari. Kibanda chake kilikuwa Kimandolu, kando ya barabara. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mteja akifika, humkalisha, humpima miguu yote miwili, ndipo hushika kisu.

Nalepo ndiye aliyemlea. Baba yao alipofariki, mama alishinda shambani, na Lesikar alikulia mgongoni kwa dada yake. Wote wawili walikuwa na alama ya duara katika kila shavu. Kwa Wamaasai na Waarusha wengi alama hiyo ni ya kawaida. Mtoto huchomwa kwa waya wa moto uliokunjwa. Siku hizi wengi wameiacha desturi hiyo, na si vibaya, maana moto ni moto. Lakini siku ile ya Lesikar, Nalepo ndiye aliyemshika kichwa asitikisike. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka, naye alilia pamoja naye.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, baridi ilikuwa kali na Mlima Meru ulikuwa umejifunika ukungu. Nalepo alikuwa akimpimia mteja maziwa, simu yake ikalia. Alikuwa fundi mwenzake Lesikar.

"Dada Nalepo, njoo haraka! Polisi wamemfunga Lesikar pingu. Wameondoka naye sasa hivi."

Nalepo aliliacha dumu palepale mlangoni kwa watu.

Kituoni alipokelewa na mpelelezi aliyeitwa Afande Ephraimu. Hakuwa mtu mkali. Alimpa kiti, akamweleza taratibu.

"Mama, wiki iliyopita duka la Vinod lilivunjwa. Lile duka la jumla la vifaa vya ujenzi, unalijua?"

"Nalijua. Lesikar hununua misumari na gundi pale."

"Ndilo hilo. Mlinzi, Mzee Lomayani, alikatwa panga mkononi. Bado yuko hospitali. Kosa hili ni unyang'anyi wa kutumia silaha. Halina dhamana. Mtu akipatikana na hatia, ni miaka thelathini jela."

Lesikar alikuwa na miaka ishirini na sita. Angetoka mzee.

"Nani amesema ni yeye, afande?"

"Hakuna aliyesema. Ni mashine." Afande alimgeuzia kompyuta. "Kamera za dukani zimeunganishwa na akili mnemba. Unajua akili mnemba ni nini?"

"Nimesikia redioni tu."

"Ni programu ya kompyuta iliyofundishwa kufanya kazi kama inafikiri. Hii imefundishwa kulinganisha sura. Picha hii ni ya jambazi. Na hii ni ya mdogo wako, siku aliyokuja kununua misumari. Mashine imezilinganisha. Ona hapa chini. Asilimia tisini na moja."

Nalepo alitazama. Picha moja ilikuwa safi, ya Lesikar akiwa kaunta. Nyingine ilikuwa na giza. Ilionyesha mtu aliyejifunika kichwa, na shavuni alikuwa na duara.

"Mashine haina ndugu," Afande alisema. "Haina chuki na mtu. Haili rushwa."

Neno hilo lilimwingia Nalepo. Maishani mwake alikuwa ameona kesi nyingi zikiyeyuka kwa sababu ya bahasha. Mwenye nacho anatoka, mnyonge anabaki. Akajisemea kwamba pengine sasa kimepatikana kitu kisichonunulika. Na kama kitu hicho kimesema ni Lesikar, yeye ni nani abishe?

"Usiku ule mdogo wako alilala nyumbani?"

"Nililala mapema, afande. Sikumwona akiingia."

"Itazame picha vizuri. Huyu ni nani?"

Moyo wake ulikataa, lakini zile namba chini ya picha zilikuwa zinamtazama. "Anafanana naye," alisema.

Afande aliandika, akamsomea, naye akatia saini.

Kisha aliruhusiwa kumwona Lesikar kwa dakika chache. Alikuwa amesimama nyuma ya nondo bila mkanda wala viatu.

"Dada, mimi sikwenda popote. Nililala chumbani kwangu."

"Lesikar, niambie ukweli. Mashine imekuona."

"Mashine inanijua?"

Nalepo hakujibu. Lesikar alimtazama kwa muda, kisha akageukia ukuta. Kuona mgongo ule kulimuuma Nalepo kuliko pingu alizokuwa amesimuliwa.

Kesi ilipelekwa mahakamani. Lesikar alirudishwa rumande. Tarehe ikafika, wakaambiwa upelelezi haujakamilika. Ikafika nyingine, ikawa hivyohivyo. Kule Oldonyo Sambu mama yao aliacha kula vizuri. Moshono nako maneno hayakukosekana. Wateja wengine walianza kusema maziwa wanayo, kumbe wananunua kwingine. Nani anataka maziwa ya dada wa jambazi?

Mteja mmoja hakumkimbia. Huyo alikuwa Anande, jirani yake, Mchaga wa Machame. Alikuwa wakili katika ofisi ya msaada wa kisheria, ile inayowatetea watu bila malipo. Ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka masomoni Dar es Salaam. Asubuhi ya kwanza alimkuta Nalepo akimimina maziwa nje ya kikombe.

"Mama, maziwa yanamwagika. Unaumwa?"

Nalepo aliweka dumu chini, akamweleza yote. Alipofika kwenye ile saini, alishindwa kuendelea. Anande alimwingiza ndani, akampa chai, akamsubiri amalize kulia.

"Kuna shahidi yeyote aliyemwona kwa macho?" aliuliza.

"Hakuna. Ni mashine tu. Na mimi."

"Na wewe uliambiwa jibu la mashine kabla ya kuulizwa picha ni ya nani, au baada?"

"Kabla."

Anande alitikisa kichwa. "Mama Nalepo, nikuulize jambo la kwenu. Ng'ombe amepotea. Unamtuma mtoto zizini, unamwambia, niletee ng'ombe anayefanana na yule aliyepotea. Mtoto atarudi na nini?"

"Na ng'ombe."

"Ni yule aliyepotea?"

"Atakuwaje, na yule hayumo zizini? Mtoto ataleta yeyote anayekaribia kufanana."

"Basi mashine ni mtoto huyo. Zizi lake ni picha za wateja wa Vinod. Imeambiwa ilete anayefanana, imeleta. Hata kama jambazi hajawahi kukanyaga dukani mchana, mashine italeta mtu tu."

"Lakini asilimia tisini na moja, Wakili!"

"Asilimia hiyo haisemi Lesikar ni mwizi. Inasema picha mbili zimefanana kiasi hicho, kwa kipimo cha mashine yenyewe. Na kipimo hicho ilifundishwa na watu. Ilionyeshwa sura nyingi ili ijifunze. Kama watu wa aina fulani hawakuwemo, au walikuwa wachache, itawachanganya. Na picha ikiwa na giza, ndiyo kabisa."

Mkono wa Nalepo ulipanda wenyewe mpaka shavuni.

"Wakili," alisema polepole. "Kwetu kila ukoo una chapa yake ya ng'ombe. Ukiona chapa, unajua ng'ombe ni wa ukoo gani. Hujui bado ni ng'ombe yupi. Kumjua yupi, lazima umwangalie uso, pembe, anavyotembea." Akamtazama Anande. "Je, kama mashine imesoma chapa tu?"

Anande aliweka kikombe chini. Yeye alikuwa amefikiria giza la picha. Hilo la alama halikuwa limemjia.

"Tutalijaribu hilo," alisema. "Lakini hatutalijaribu kwa siri. Afande lazima awepo."

Aliandika barua kwa mkuu wa kituo, na ruhusa ikatoka. Siku ya jaribio walikutana ofisini kwa Vinod, nyuma ya duka. Afande Ephraimu alikuwepo. Mzee Lomayani alikuwepo pia, amerudi kazini, mkono bado una bandeji. Yeye ni Mwarusha, na mashavuni ana duara kama Nalepo.

"Takwenya!" mzee alimsalimu.

"Iko!" Nalepo aliitikia, akiinamisha kichwa kwa heshima. Alishangaa kuona mzee hana kinyongo.

Vinod ndiye aliyekuwa na hasira. Alizaliwa Arusha, na baba yake alianza biashara palepale. "Mlinzi wangu amekatwa kama kuni," alisema. "Huyu ni mtu tumekaa naye miaka mingi. Sasa mnataka mwizi atoke?"

"Mzee Vinod, shikamoo," Anande alisema.

Vinod alishusha pumzi. "Marahaba."

"Mimi nataka mwizi akamatwe. Kama Lesikar si yeye, basi mwizi bado anatembea, na duka ni hilihili."

Vinod alikuna kidevu. Kijana wake, Nikhil, ndiye aliyeinunua programu ile kupitia mtandao. Alikaa mbele ya kompyuta. Anande alimwomba ampige Mzee Lomayani picha, kisha ailinganishe na ile ya jambazi.

Nikhil alibonyeza. Wakasubiri. Namba ikatokea.

"Asilimia tisini na tatu," Nikhil alisoma.

Mzee Lomayani alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe nilijikata mwenyewe! Afande, nifunge basi."

Hakuna mwingine aliyecheka. Afande Ephraimu alikuwa ameinama, anaitazama ile namba. Mlinzi aliyekatwa panga alikuwa amefanana na jambazi kuliko mtu aliyewekwa rumande.

Nikhil aliwapigia simu waliomuuzia programu. Aliwauliza mashine ilifundishwa kwa sura za watu gani. Walijibu kwamba ni sura nyingi za nchi nyingi. Alipouliza kama walikuwemo watu wenye alama za kuchomwa mashavuni, hawakujua. Wakaongeza kwamba maelekezo yao yako wazi. Picha yenye giza isitumike, na jibu la mashine lithibitishwe na mtu.

"Nilisoma namna ya kuifunga tu," Nikhil alisema. "Hayo mengine niliyaruka."

"Wengi huyaruka," Anande alimjibu. "Ndiyo maana nauliza."

Ndipo Nalepo alipomgeukia Afande Ephraimu.

"Afande, nataka kubadilisha maelezo yangu."

"Mama, hilo si jambo dogo. Mahakamani utaulizwa ni lini ulisema kweli, siku ile au leo."

"Niulizwe. Nitasema kweli yote. Uliniambia ni Lesikar, ukanionyesha namba, ndipo ukaniuliza ni nani. Sikutazama picha tena, afande. Nilitazama namba. Ningeonyeshwa picha peke yake, ningesema simjui. Nimemfunga mtoto niliyembeba mgongoni kwa neno langu mwenyewe."

Afande alivua kofia akaishika mkononi. "Na mimi nilikosea," alisema. "Mzee Lomayani alikuwa hospitali. Nilipopata jibu la mashine niliona kazi imekwisha. Sikurudi kumuuliza."

"Hata mara moja hukuniuliza," mzee alisema. "Na mimi nilimmulika kwa tochi. Nilimwona."

Kuuliza si ujinga, wahenga walisema. Hapa ujinga ulikuwa ni kutouliza.

Likaandaliwa gwaride la utambulisho. Wanaume wa rika la Lesikar walipangwa mstari mmoja. Wote walikuwa na duara mashavuni, na Lesikar alisimama kati yao. Afande mwingine, asiyejua kesi, ndiye aliyelisimamia, ili asimwelekeze shahidi hata kwa jicho. Mzee Lomayani alipita mbele ya kila mmoja bila haraka. Alifika mwisho, akarudi mwanzo, akapita tena.

"Hayumo," alisema. "Niliyemwona mimi hayumo humu."

Je, mashine itupwe? Vinod alitaka itupwe siku hiyohiyo. Aliona aibu, na aibu ikamtia hasira upya. Anande alimtuliza.

"Mzee, panga linakata kuni na linakata mtu. Tatizo si panga. Kuna kazi mashine hii inaiweza kuliko sisi."

Afande Ephraimu aliirudia kazi upya. Safari hii hakuiuliza mashine nani ameiba. Alikusanya rekodi za kamera za mtaa mzima. Zilikuwa nyingi mno, mtu angekesha wiki kadhaa akizitazama. Aliiambia mashine imtolee kila pikipiki iliyopita na mzigo usiku ule. Ilifanya hivyo kabla chai yake haijapoa. Kisha askari walizitazama zile picha kwa macho yao, moja baada ya nyingine. Pikipiki moja ilikuwa na taa ya nyuma iliyovunjika, na mabomba yaliyoibwa kwa Vinod yalionekana yakining'inia.

Walimfuatilia mwenye pikipiki. Nyumbani kwake yalikutwa mabomba, rangi na lile panga. Mwenzake alikamatwa naye. Huyo mwenzake shavuni alikuwa na kovu la duara, la jipu la utotoni. Hakuwa Mmaasai wala Mwarusha. Gwaride lilipopangwa, Mzee Lomayani alimgusa bega bila kusita.

Tarehe ya kesi ilipofika, wakili wa serikali alisimama akaomba kuliondoa shtaka dhidi ya Lesikar. Hakimu alikubali. Mama yao alikuwa ameshuka kutoka Oldonyo Sambu, amejifunga shuka lake jipya. Alipomwona mwanawe anatoka kizimbani, alikaa chini palepale sakafuni, akalia kwa sauti, na askari hawakuwa na moyo wa kumnyamazisha.

Mambo mengine yalibadilika baadaye. Nikhil alibandika tangazo mlangoni, kuwaambia wateja kwamba wanapigwa picha na kwa nini. Alifuta picha za watu ambao hawakuwa na jambo lolote, maana Anande alimweleza kuwa nchi ina sheria ya kulinda taarifa binafsi za watu. Afande Ephraimu naye akawa na msemo kwa askari wake wapya. Aliwaambia jibu la mashine ni mlango wa kuanzia upelelezi, na asiwepo mtu wa kulala mlangoni. Hata mtaani, picha ya mtu ikirushwa kwenye simu na kuandikwa "mwizi huyu hapa", Nalepo huuliza mbele ya watu wote, "Nani amemwona kwa macho?" Wengine humwona mjuaji. Yeye hajali.

Lakini nyumbani kulikuwa na jambo ambalo mahakama haikuweza kulimaliza. Lesikar alirudi amekonda. Alikula, alisalimia, alikwenda kazini. Lakini dada yake akimsemesha, alijibu kwa neno moja moja tu. Nalepo alivumilia mpaka akashindwa. Siku moja alimaliza kugawa maziwa, akaenda Kimandolu kwa miguu. Alimkuta Lesikar anakata tairi.

"Lesikar."

"Naam, dada."

"Siku ile uliniuliza kama mashine inakujua. Sikukujibu. Nimekuja kukujibu. Mashine haikujui. Mimi ndiye ninayekujua, nami niliiamini hiyo kuliko wewe. Sina kisingizio. Nisamehe, mdogo wangu."

Lesikar aliendelea kukata. Magari yalipita. Nalepo alidhani hatajibiwa, akaanza kugeuka.

"Katambuga zako zimeisha kisigino," Lesikar alisema bila kuinua macho. "Kaa."

Alikaa. Lesikar alitandika kipande cha tairi chini, akaushika mguu wake wa kulia, akauzungushia chaki. Kisha akautaka wa kushoto.

"Si utumie kipimo hichohicho?" Nalepo alimwambia. "Umenishonea viatu miaka yote. Miguu yangu unaijua."

"Naijua," Lesikar alisema. "Lakini haifanani, dada. Hata ya mtu mmoja."

Akauweka ule wa kushoto juu ya tairi, akaupima.